Kwa Mama Mkwe, Uliyenisaidia Kuchagua Darubini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kuanza hivyo. Bado naisikia ile marahaba yako fupi, uliyoitoa bila kuinua uso kutoka kwenye ndizi ulizokuwa ukimenya. Miaka ya kwanza ya ndoa yangu niliiogopa marahaba hiyo kuliko nilivyomwogopa mkaguzi wa shule.

Leo asubuhi mvua imekatika hapa Kihanga. Migomba imeoshwa, anga limekuwa safi mpaka ng'ambo ya vilima, na Deo amesimama uani akatazama juu, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Kama Disemba ile ya mama." Alichukua mwiko na pima maji yake akaenda kazini, nami nikabaki mlangoni. Sikuhitaji kumuuliza ni Disemba ipi.

Ilikuwa mwaka 1988. Nilikuwa mke wa mwanao kwa mwaka wa nne, na bado ulikuwa ukiniita Mwalimu. Wake wa majirani waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Fulani na Mama Fulani. Mimi sikuwa na mtoto, basi ukanipa jina la kazi yangu, na ulilitamka kama mtu anayemwita mgeni aliyepitiliza siku zake. Muhula mzima nilikaa kwenye nyumba za walimu kule shuleni, Deo akijenga nyumba za watu Kayanga. Likizo ndiyo iliyonileta kwako. Nililima nawe, nilipika nawe, na jioni tulikaa jikoni wawili tukisikiliza kuni.

Nilijua pia lile ambalo hukuniambia. Jirani alininong'oneza kisimani kwamba ulikuwa umemtafutia Deo msichana, ng'ambo ya bonde, na kwamba watu wake wangekuja kuiona nyumba baada ya Mwaka Mpya. Padri asingebariki jambo hilo, lakini msichana angezaa, na ndicho kilichotafutwa. Nilijitwika ndoo yangu nikarudi nyumbani na maji, nikakuta umekaa unachambua senene, unawang'oa mbawa na miguu, nikakaa pembeni yako nikachambua.

Likizo hiyo ndiyo niliyokuja na darubini mbili.

Zilikuwa za mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya aliyekuwa amemaliza muda wake kwetu. Alitaka moja ibaki kwenye shule yetu ya wasichana, na nyingine iende shule ya wavulana kule Kibingo. Kuchagua alituachia sisi. Mkuu wetu wa shule, mwanamke asiyependa maneno mengi, akanisukumia mimi mzigo wote. "Wewe ndiye wa fizikia," alisema. "Nenda nazo nyumbani, zijaribu, tukifungua shule uniambie ipi inabaki." Nilikubali kwa kichwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefundisha lenzi na vioo kwa ubao na chaki tu. Sikuwahi kuweka jicho langu kwenye darubini ya nyota maisha yangu yote.

Unakumbuka tulivyofika? Lori la kahawa lilituacha barabarani, na Deo akazisukuma kwa baiskeli kwa zamu mbili. Wewe ulisimama mlangoni umeshika kiuno.

"Mwalimu, umehama shule?"

"Hapana, mama. Ni vyombo vya kutazamia nyota."

"Nyota zimepotea?"

Deo alicheka akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka, maana sikujua bado kama ulikuwa unatania.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyembamba na nyeupe, na lenzi mbele isiyozidi mdomo wa kikombe. Ilisimama juu ya miguu mitatu ya chuma, mirefu na myembamba kama fito. Kasha lake lilichorwa nyota za rangi zote, na juu yake iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara mamia. Ya pili haikuwa na kasha. Ilikuwa pipa fupi, nene, lililopakwa rangi nyeusi, na badala ya lenzi ilikuwa na kioo cha mviringo chini kabisa, kipana kama sahani ya wali. Haikuwa na miguu. Ilikaa juu ya sanduku la mbao lililozunguka, na tundu la kutazamia lilikuwa ubavuni, karibu na mdomo wa pipa.

Ulizizunguka zote mbili. Ulimpiga yule mweupe kidole, akatetemeka. "Huyu ni korongo," ukasema. Kisha ukainama juu ya pipa. "Na huu ni mzinga wa nyuki." Tangu hapo hatukuziita kwa jina jingine, na hata leo wasichana wangu shuleni wanasema Mzinga bila kujua nani aliyeubatiza.

Nakuambia sasa kitu ambacho wakati ule ulikiona mwenyewe usoni mwangu: mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilitaka Korongo. Ilifanana na darubini za kwenye vitabu, na ile namba ya kwenye kasha ilinilevya. Kujaribu kwangu kulikuwa kwa heshima tu.

Jioni ya kwanza mwezi ulikuwa mchanga, umening'inia juu ya migomba upande wa machweo. Nilihangaika na Korongo mpaka shingo ikaniuma. Nilipoweka ile lenzi ndogo ya jicho, ile ya kukuza sana, niliona weusi tu, halafu kitu cheupe kikapita kama kuku anayefukuzwa, halafu weusi tena. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na kitenge mabegani. Nikabadilisha, nikaweka lenzi ya jicho iliyo kubwa, ile ya kukuza kidogo, na mwezi ukaingia.

Sikujua la kufanya, mama. Nilisahau kwamba nilikuwa mwalimu. Nilisema tu, "Njoo. Njoo, mama, njoo haraka."

Ulipiga goti kwenye majani, maana tundu la Korongo lilikuwa limeshuka chini, ukafumba jicho moja kwa kiganja.

"Yezu Maria," ukasema. Halafu, polepole, "Kuna milima."

"Ndiyo, mama."

"Ina vivuli."

"Ni kwa sababu jua linaipiga kwa ubavu."

"Nani analima huko?"

"Hakuna mtu. Hakuna hata maji."

Uliondoa jicho ukanitazama, kwa mara ya kwanza bila kupitisha macho juu ya bega langu. "Milima yote ile," ukasema, "na hakuna mtu?" Ukarudi kutazama. Baadaye uliniuliza kama kule Burundi, wazazi wako walikotoka kuja kuvuna kahawa za watu, wanauona mwezi huu huu na milima hii hii. Nikakuambia ndiyo, huu huu. Ulitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu aliyepewa salamu za mtu aliyemdhania amekufa.

Jioni iliyofuata hukungoja nikuite. Nilikukuta uani umeshakalia kigoda chako.

Tulianza kuzijaribu kwa haki. Mwezi ule ule kwa Korongo, kisha kwa Mzinga. Kwa Korongo mwezi ulikuwa mkali, kingo zake zimechongwa. Kwa Mzinga uling'aa mpaka jicho likatoa machozi. Wewe ulikuwa upande wa Korongo. "Inasimama kama mtu wa heshima," ulisema. "Huu mwingine ni wa kuwekwa stoo." Nilifurahi kwamba angalau jambo moja tulikubaliana, mimi na wewe.

Ila upepo ulianza kutusumbua. Upepo mdogo tu, ule wa kutikisa majani ya migomba, na Korongo alitetemeka hadi milima ya mwezi ikacheza. Ukimgusa kumsogeza, unangoja atulie, na akitulia mwezi umeshatoka. Ulimkemea kama unavyomkemea mbuzi. Ulisukuma mawe kwenye miguu yake. Haikusaidia sana.

Siku zile ndizo alizokuja balozi wa nyumba kumi, unakumbuka? Alifika alasiri amevaa koti, sura imekaza.

"Mama Deo, nimeambiwa kuna mzinga hapa kwako."

"Upo," ukamjibu, ukiendelea kupepeta maharage.

"Umetoka wapi?"

"Kwa Mwalimu, shuleni."

"Na umeelekezwa wapi?"

"Juu. Ukielekezwa chini una faida gani?"

Mzee wa watu alimeza mate. Ilikuwa imepita miaka kumi tu tangu ile vita ya mpakani, na watu wa huku hawakuwa wamesahau mizinga ililiaje. Nilitoka mbio jikoni nikamwonyesha pipa letu jeusi na kioo chake. Alipoelewa alikaa kwenye benchi akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa koti, akakataa kuondoka hadi giza liingie. Alipoona mwezi alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue. Aliondoka ameishika mkononi, hakuivaa hata alipofika barabarani.

Kisha mwezi ulizidi kukua na kuzifuta nyota, tukahamia kwenye Mshtarii, ile sayari kubwa iliyowaka mwaka ule karibu na lile kundi la nyota za Kilimia. Kwa macho ni nyota tu yenye mwanga mtulivu. Kwa darubini ilikuwa duara dogo, la rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, na pembeni yake vinukta vinne vimejipanga mstari mmoja.

"Hivyo ni nini?"

"Ni miezi yake, mama. Ile sayari ina miezi kama sisi tulivyo na wetu. Inaizunguka."

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Isingiro, unajua, na nilikuambia kwamba nikiitazama naona ng'ombe na ndama zake jioni. Ulikunja uso. Lakini kesho yake ulipokalia kigoda neno lako la kwanza lilikuwa, "Ndama zimesogea." Na kweli zilikuwa zimesogea. Tangu siku hiyo ulizichunga. Mawingu yakifunga ulikasirika kama mtu aliyefungiwa zizi.

Jioni moja, Deo akiwa amesharudi kutoka Kayanga kwa sikukuu, ulitazama muda mrefu kuliko kawaida.

"Mmoja hayupo."

Nikatazama. Vilikuwa vitatu. "Yuko nyuma ya sayari, mama. Amezunguka."

"Atarudi?"

"Kesho atakuwepo."

Ulininyang'anya nafasi ukatazama tena, kana kwamba huniamini. Kesho yake mvua ilinyesha mchana kutwa, na jua lilipozama wingu lilifunguka upande mmoja tu, upande ule ule wa Mshtarii. Ulikwenda moja kwa moja kwenye Mzinga, maana kwa Korongo ungehitaji kupiga magoti kwenye matope. Ulikaa, ukasogeza pipa kwa mkono wako mwenyewe kama nilivyokufundisha, na nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Ulicheka. Ulicheka kama msichana.

"Amerudi! Deo, njoo uone, yule amerudi!"

Halafu kicheko kikakatika. Ulibaki umeinamisha kichwa juu ya tundu, na nilidhani unatazama, kumbe ulikuwa unalia. Deo alirudi ndani taratibu. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi zilizolowa, miguuni kwako.

Ndipo uliponiambia juu ya watoto wako. Nilijua kwamba Deo ni mtoto wako pekee. Sikujua kwamba alikuwa na ndugu. Uliniambia majina yao mmoja mmoja, nani aliondoka na surua, nani na homa, nani hakufikia kubatizwa, na ni migomba ipi pale uani iliyokuwa juu yao. Nilikuwa nimepalilia migomba hiyo kwa miaka bila kujua. Hukuniomba radhi kwa lolote, na mimi sikungoja hilo. Ulisema tu, "Deo ndiye aliyebaki. Naogopa nyumba hii isije ikanyamaza." Ulisema kwa Kinyambo, na kwa Kinyambo ilisikika nzito zaidi kuliko ninavyoweza kuiandika hapa.

Nilikushika mguu. Ulikuwa baridi, na uliniachia niushike.

Krismasi ikapita. Mwezi ukaanza kuchelewa kutoka, na saa mbili za jioni zikawa giza tupu, giza lile la kwetu ambalo nyota zinakuja mpaka kwenye ncha za migomba. Nilikuambia kwamba sasa ndio mtihani wenyewe, kwa sababu mwezi unaonekana kwa chombo chochote. Tukaelekeza zote mbili kwenye Kilimia.

Kwa Korongo tuliona nyota chache, kali, zimeachana, kama nyumba za watu wasioelewana. Kisha ukakalia kigoda mbele ya Mzinga.

Mama, nimetazama mara nyingi tangu siku ile, na nimewaonyesha wasichana wengi, lakini sijawahi kumwona mtu akipokea Kilimia kama ulivyoipokea. Ulirudisha kichwa nyuma kwa ghafla, ukatazama angani kwa macho yako matupu, ukatazama tena tunduni. Angani ulikuwa na kundi dogo la nyota ambalo mama yako alikuonyesha ukiwa mtoto, la kujulia wakati wa jembe. Tunduni ulikuwa na nyota zisizohesabika, za buluu, zimemwagika.

"Zote hizi zilikuwepo?" ukaniuliza. "Siku zote? Nikiwa nalima?"

"Siku zote."

"Na mimi nilikuwa naziona zile sita."

Nikakuelekeza kwenye zile nyota tatu zilizojipanga mstari, na chini yake kidogo, penye ukungu ambao jicho linaudhania ni uchovu. Korongo aliuonyesha kama pumzi juu ya kioo. Mzinga uliufungua. Ulikuwa kama bawa, mama, bawa kubwa la kijivu lililokunjuliwa gizani, na katikati yake vinyota vidogo vimebanana. Nilikueleza kwamba wataalamu wanasema nyota zinazaliwa humo. Nilitamka neno kuzaliwa nikasita, nikaogopa nimekosea mahali pa kulitamka. Wewe hukushtuka. Uliendelea kutazama.

"Zinazaliwa sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ila polepole sana."

"Mungu hana haraka," ulisema. Ukanisogezea kigoda nikae nusu yake, na wewe nusu.

Ni jioni hiyo tuliyochagua. Mimi nilikuwa bado nahesabu kwa sauti: lenzi ni nyembamba lakini namba ni kubwa, kioo ni kipana lakini namba ni ndogo. Ukanikatiza. "Korongo ni mzuri wa kutazamwa," ukasema. "Mzinga ni mzuri wa kutazamia." Nilijua ni kweli. Namba ya kwenye kasha haikutuonyesha kitu ila weusi na kutetemeka, na kile kioo kipana kilikuwa kimekunywa mwanga ambao macho yetu hayakuwahi kuufikia. Tena wasichana wangu wangesimama foleni mmoja mmoja bila kulala chini kwenye umande. Nililala nimeridhika, nikiamini jambo gumu la likizo ile limekwisha.

Wageni wakaja siku mbili baada ya Mwaka Mpya.

Walikuwa shangazi na kaka wa yule msichana, wamevaa vizuri, wameloa kidogo, maana manyunyu yalikuwa yamewakuta bondeni. Ulikuwa umewaita mwenyewe kabla sijafika likizo, na neno lililokwisha kutumwa ulikuwa hujalirudisha. Nilipika. Niliwapelekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, nikapiga magoti, nikawaamkia. Shangazi aliitika bila kunitazama, akaikagua nyumba, akaikagua migomba. Deo alikaa pembeni anatazama mikono yake. Mimi nilirudi jikoni nikawa napuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kesho asubuhi nitafunga nguo zangu na kurudi Isingiro kwa baba.

Njia ilikuwa imeteleza, ikabidi walale. Jua lilipozama mbingu ikasafika. Nikakusikia ukiita kutoka uani, na nilichelewa kuitika kwa sababu sikuwahi kusikia mdomo wako ukitamka jina hilo.

"Adela! Toa Mzinga nje."

Niliutoa. Niliuweka mbele ya kigoda chako. Shangazi alisimama mlangoni na bilauri ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaniangalia sasa, kuanzia miguuni.

"Huyu ndiye yule asiyezaa?"

Deo aliinuka, lakini wewe ulikuwa umeshajibu, bila kupandisha sauti, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

"Huyu ni mke wa Deo. Nyumba hii ina mke, haina nafasi nyingine. Nimewasumbua njia ndefu, mnisamehe, kesho nitawafungia ndizi za kurudi nazo. Sasa njoo hapa, ukae kwenye kigoda, uone Kilimia."

Sijui yule mama alikaa kwa hasira au kwa mshangao. Alikaa. Aliinama kwenye tundu na midomo imebana, tayari kuondoka. Hakuondoka. Kaka wa msichana alimwita mara mbili, naye shangazi akainua mkono kumwashiria anyamaze. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine kabisa usoni, ameduwaa, amesahau bilauri yake kwenye nyasi. "Watu wanajua jambo hili?" aliniuliza mimi, si wewe. "Kwamba ziko hivi?" Nikamweleza nilichoweza. Alitazama tena na tena, na yule kaka akatazama, na jina la msichana wao halikutajwa tena hapo nyumbani, si jioni ile wala asubuhi yake.

Walipoingia kulala nilibaki nawe uani. Nilikuwa na maneno mengi kifuani. Ulijifunga kitenge vizuri, ukaanza kuelekea mlangoni, ukageuka.

"Usisahau kufunika kioo. Umande."

Ndiyo tu. Nikafunika kioo.

Januari Korongo alipelekwa Kibingo, na nasikia wavulana walimtumia kutazama mwezi mpaka mguu wake mmoja ukavunjika. Mzinga ulibaki kwetu. Kila muhula uliposhuka kunitembelea shuleni ulileta ndizi za jikoni, na wasichana walikupisha mbele ya foleni. Mtoto hakuja, mama. Tulikwenda hospitali, tukasali, tukanyamaza. Wewe hukuuliza tena. Kulikuwa na siku nilizotamani uulize, ili nipate wa kumlilia, na siku hizo ulinifahamu bila neno ukaniita tukapalilie pamoja, kwenye ile migomba.

Macho yako yakaanza kuingia ukungu. Ulikataa kupelekwa Bukoba kupasuliwa. Ulisema umeona vya kutosha. Likizo ya mwisho ya uhai wako niliuazima Mzinga shuleni nikaja nao, mwezi ukiwa mpevu. Nilikukalisha, nikakuwekea jicho kwenye tundu. Ulikaa hapo muda mrefu sana.

"Unaona, mama?"

"Mwanga tu."

"Milima haionekani?"

"Haionekani. Mwanga tu, mweupe, umejaa kote." Nikataka kukutoa, ukanishika mkono. "Niache. Ni mzuri hivi hivi."

Ulituacha kabla ya masika. Siku ya mazishi katekista alisimama kaburini kusoma habari za marehemu. Nilikuwa nimesimama nyuma, mahali pa wakwe, nimejiandaa kusikia kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja. Akafunga karatasi yake. Akasema wewe mwenyewe ulimwagiza, akiwa amekuletea Komunyo kitandani, kwamba atangaze umeacha watoto wawili, Deogratias na Adela, na kwamba asikosee. Wanawake waliokuwa mbele yangu waligeuka, wakanipisha njia. Nilipita katikati yao mpaka mbele, nikasimama na Deo, tukatupa udongo kwa pamoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta ni lini hasa uliamua. Nimechoka kutafuta. Kila nikitazama kwenye lile pipa jeusi napatwa na kile kile ulichopatwa nacho, ile hofu tamu ya kukuta kwamba kilichokuwepo siku zote ni kikubwa hivyo. Sasa nakiona hata hapa chini. Nilikuwa na mama pembeni yangu jikoni, na miaka minne mizima nilikuwa naona marahaba tu.

Deo anarudi, nasikia baiskeli. Ndizi ziko motoni na nimezisahau, ungenigombeza. Nimeuazima Mzinga tena likizo hii, na leo jioni watoto wa majirani watakuja kutazama, na mama zao pia, wanaojifanya wamewasindikiza watoto. Nitawakalisha mmoja mmoja.

Lala, mama. Wasalimie walio pamoja nawe, kwa majina yao yote.

Binti yako,
Adela